Amplifaya ya Mzee Kibwana

Hapo zamani, redio zilipokuwa bado na taa za kioo tumboni, paliondokea mzee mmoja wa Tanga aitwaye Kibwana. Alifiwa na mkewe, Bi Tamima, mwimbaji wa taarabu. Tangu mazishi mzee hacheki, hatoki nje. Katika santuri zake nyingi, moja tu ilikuwa na sauti ya marehemu, na kila ikichezwa anatikisa kichwa: "Huyu si Tamima."

Akawaita wanawe watatu. "Atakayemrudisha mama yenu masikioni mwangu, atachukua santuri zangu zote. Wala hazigawanywi."

Shomari, kifungua mimba, akaleta amplifaya kubwa ya kukuza sauti ya santuri. Ikanguruma hata vikombe vikaanguka kabatini. Mzee akasema, "Huyu si Tamima. Huyu ni lori."

Akaleta nyingine. "Huyu si Tamima. Huyu ni nzi ndani ya kopo."

Shomari akatoa baiskeli yake, akaibadilisha kwa amplifaya ndogo yenye taa moja tu ya kukuza sauti. "Baba, zile nyingine huipasua sauti vipande viwili, kimoja taa hii na kimoja taa ile, kisha huviunga. Hii haipasui kitu."

Mzee akatega sikio, akashtuka. "Ndiye! Lakini mbona kama yuko kisimani?"

Maana taa moja haina nguvu. Basi Mbaraka, mtoto wa pili, fundi seremala, akavunja kitanda chake cha ndoa, akaunda spika yenye pembe kubwa kama ya tarumbeta, hata mlango ukang'olewa ili ipite. Mkewe akalala mkekani, na aliyoyasema hayasimuliki.

Mzee akasikiliza. "Ndiye, amefika barazani. Lakini kelele za mtaa zinamfunika."

Kelele zenyewe zilikuwa za harusi ya Mwanahamisi, kitinda mimba wake. Bibi harusi akatoka na hina mbichi mikononi. "Jamani, nyamazeni. Mama anaimba."

Ngoma zikafunikwa magodoro. Watu wakacheza kimyakimya, vigelegele wakavimezea ndani ya kanga. Jogoo akabebwa kwapani hadi mtaa wa pili. Shehe akaozesha kwa kunong'ona. Bwana harusi hakusikia vizuri, akaitikia tu.

Santuri ikazunguka. Bi Tamima akaimba, na fidla zilipopumua kati ya beti, ikatoka sauti yake ya chini ambayo hakuna aliyewahi kuisikia humo: "Mwambieni Kibwana aache kutafuna korosho, tunarekodi."

Mzee alikuwa na korosho mdomoni. Akaitema kiganjani. "Nimeacha, mke wangu."

Akalia, akacheka, akatoka nje kucheza kwenye harusi ya bintiye.

Hapo ugomvi ukaanza.

Shomari akasema, "Bila mimi mngesikiliza lori mpaka leo."

Mbaraka akasema, "Bila pembe yangu mama angekuwa bado kisimani. Na mimi kitanda sina."

Mwanahamisi akasema, "Nyinyi mmetoa vyombo, vitapatikana vingine. Mimi nimeolewa kwa kunong'onwa, na mume wangu bado anauliza kama ndoa imepita."

Mzee akamtazama huyu, akamtazama yule, akashindwa kabisa.

Haya, ndugu zangu mlioketi hapa, msinitazame mimi. Santuri zile, nani alistahili kupewa?