Bonde Alilotunukiwa Bi Tatuu

Palikuwa na sultani aliyependa sana wageni, mradi wasifike. Jina lake Dahlani, mji wake Pangavuni, na kila masika yalipokaribia roho ilimchafuka, kwa sababu ndipo walipokuja mafundi wa kuhamahama. Hawa walikuwa watu wa kuziba masufuria, kunoa visu na kutia majembe mipini. Mji wa kwao hawakuwa nao. Walipiga mahema kwenye kiwanja cha mnada, penye ukavu na kisima, wakakaa mpaka mvua ziishe, wakaenda zao. Mji mzima uliwasema vibaya, na mji mzima uliwapelekea masufuria.

Mwaka huo Sultani aliletewa tausi, na tausi, kama mjuavyo, hawezi kabisa kuishi bila kiwanja cha mnada. Ikatoka amri kwamba mafundi watafutiwe mahali panapowafaa. Waziri Mselemu akaketi na wakuu wa mitaa. Kila mkuu alisema mafundi ni watu wema, ni ndugu zetu wa damu, ila mtaani kwake hapafai. Wakaupitia mji wote hivyo hivyo, kwa upendo mwingi, hadi wakatokea upande wa pili, kwenye bonde lililo nyuma ya wachuna ngozi. Fisi wenyewe hupita pale wakikimbia uvundo. Masika bonde lile hugeuka ziwa. Wakuu wakakubaliana kwa sauti moja kwamba hapo ndipo.

Bi Tatuu, mkubwa wa mafundi, akaitwa barazani kutunukiwa bonde hilo. Alikuwa mama mtu mzima, mikono ina makovu ya cheche, na ulimi wake ulinolewa pamoja na visu vya watu. Njiani alipitia bondeni kutazama. Tope likamfika magotini. Aliingiwa na uchungu, maana mke wa mwanawe alikuwa karibu kujifungua, na pale hapakuwa hata na pa kutandika mkeka. Tena mtego aliuona. Zawadi ya Sultani haikataliwi. Anayeikataa hufukuzwa mjini na watu wake wote, wasirudi tena. Akameza hasira, akanawa miguu, akaingia.

Baraza lilijaa. Kahawa ikaletwa. Waziri akachukua kikombe cha Bi Tatuu, akapiga funda moja kutoa sumu, kama ilivyo desturi, ndipo akampa.

"Umeona, bibi?" akasema Sultani. "Kwetu mgeni hapewi kitu ambacho mwenyeji hajakionja. Sisi ni watu wa adabu."

"Nimeona, Maulana. Mungu akuzidishie."

Sultani akaanza kulisifu bonde. Alilisifu kwa raha zote, kama mtu ambaye hajawahi kufika.

"Pana maji."

"Mengi, Maulana. Nimeyavaa mpaka magotini."

"Pana upepo."

"Huo ulinipokea nikiwa bado mbali."

"Wala hakuna jirani wa kuwasumbua."

"Hakuna. Wote wana akili zao."

Sultani akaacha kutabasamu. Askari wawili wakasogea mlangoni. "Sema wazi, bibi. Unaikataa zawadi yangu?"

"Hasha. Nimeipokea kwa mikono miwili."

Askari wakatazamana, wamekosa kazi.

"Ila na mimi ni mtu wa adabu," akaendelea Bi Tatuu. "Nangoja mwenyeji aonje."

"Aonje nini?"

"Bonde. Kahawa ni funda moja. Bonde, nadhani, usiku mmoja unatosha. Mwenyeji akilala huko akaamka mzima, nasi tunahamia siku hiyo hiyo."

Sultani akamgeukia Waziri, kwani kuonja ilikuwa kazi yake. Waziri akakumbuka kwamba ana pumu, ugonjwa ambao mpaka asubuhi ile hakuwa nao. Wakaulizwa wakuu wa mitaa. Kila mmoja alisema bonde ni zuri, zuri mno, ila yeye mwenyewe halimfai. Huko nyuma mtu akacheka, kisha akajidai anakohoa.

"Mwanamke," akasema Sultani, uso umemwiva, "unataka mimi nikalale kwenye tope?"

"Tope, Maulana? Mimi hapa nimeambiwa maji na upepo."

Barazani hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Bi Tatuu akamaliza kahawa yake taratibu, akaweka kikombe chini, akainuka.

"Basi watu wangu watangoja palepale kiwanjani, karibu na kisima, mpaka mwenyeji aonje. Wala usijisumbue kufanya haraka, Maulana. Masika ya mwaka huu, nasikia, ni marefu."