Kwa Nini Watawa wa Budha Hawatembei Masika

Acha kukunja pua kabla hujasikia. Ndiyo, mwanamke mmoja mzee, asiyejua hata herufi ya kwanza, aliwaketisha chini watawa wa Budha, na kila mwaka wanaketi mpaka leo. Ungeambiwa ni mfalme aliyewaketisha, ungeitikia kwa kichwa upesi sana. Ukiambiwa ni bibi mwenye tope hadi magotini, unaanza kuuliza mashahidi wako wapi. Mashahidi ni wao wenyewe. Nenda huko mashariki kwenye nchi za mpunga, mvua zikishika, uone kama utamkuta mtawa akizurura barabarani. Huendi, basi nyamaza usikilize.

Zamani hizo mafundisho ya Budha yalikuwa mapya na hayakuwa yameandikwa mahali popote. Yalikaa vichwani mwa watawa, watu walionyoa nywele, wakavaa shuka za manjano na kubeba bakuli moja moja. Watu hao walitembea. Jua kali walitembea, baridi walitembea, masika pia walitembea. Walikuwa wamefundishwa kwamba mtu akikaa mahali pamoja huanza kusema mti wangu, kivuli changu, jirani yangu, na hapo moyo umeshanasa. Kwa hiyo hawakulala kijiji kimoja zaidi ya siku mbili tatu. Asubuhi walipita milangoni kimya kimya, wakila walichopewa. Hawakuchagua. Chochote kilichotiwa bakulini kilipokelewa, na kabla ya kula mtawa alipaswa kukitazama na kukitafakari: kimetoka wapi, kimemtoa nani jasho. Hiyo ilikuwa sheria. Nyingine ilikuwa kwamba usiue kiumbe chochote, hata kile usichokijua jina. Sheria nzuri. Hakuna aliyesema ni mbaya.

Sasa, katika bonde moja kati ya mto na vilima, aliishi mjane aliyeitwa Jotika pamoja na dada yake mkubwa, Sonari, mjane pia. Sonari macho yalikuwa yameshafunga utando, haoni mbele wala nyuma. Jotika ndiye aliyelima. Walikuwa na majaruba mawili na kitalu kimoja cha mpunga, na kitalu kilikuwa kando ya njia kuu kwa sababu pale ndipo maji yalipotulia. Mpunga huumwagi tu shambani kama unayelisha kuku. Unachagua mbegu, unailoweka, unaifunika kapuni mpaka ichipue, halafu unaisia kitaluni katika tope laini kama uji. Miche ikifika siku ishirini na tano unaing'oa na kuipandikiza jarubani, mmoja mmoja, mgongo umepinda kuanzia asubuhi. Miche ikiharibika kitaluni, mwaka umeharibika. Huwezi kusia tena, maana maji ya mvua hayamngoji mtu.

Mwaka wa kwanza watawa walipokatiza kitaluni, nusu ya miche ilioza, na Jotika na dada yake wakala magimbi mpaka ndimi zikawawasha. Mwaka wa pili Jotika alizungushia miiba. Watawa waliinua miiba kwa adabu, wakapita, wakairudisha mahali pake vizuri kabisa. Mwaka wa tatu ilibaki mbegu ya kapu moja, ile aliyoachiwa na mama yake, na hakukuwa na nyingine ndani ya nyumba. Ndiyo aliyoisia.

Utauliza kwa nini watu wazima wenye akili waliacha njia wakaingia kitaluni. Ni kwa sababu ya wema wao. Mvua kubwa ikinyesha, nyungunyungu hutoka ardhini na kujilaza njiani, na konokono nao huja kuwafuata, njia nzima inatambaa. Mtawa wa mbele akiona hivyo alisimama, akawaonea huruma nyungunyungu, akatafuta mahali pasipo na kitu, akaona majani mabichi pembeni, akaingia. Na desturi yao ilikuwa kwenda kwa mstari, aliyeingia utawa zamani mbele, aliyeingia jana nyuma, na kila mmoja kufuata nyayo za mwenzake. Hakuna aliyeuliza. Wa kwanza akiingia kitaluni, arobaini wanaingia kitaluni.

Siku hiyo miche ilikuwa na siku kumi na moja. Jotika alikuwa juu, akizibua mfereji uliozibwa na majani, akaona manjano inapita pale chini kama nyoka. Alikimbia. Kwa miaka yake, alikimbia vizuri. Alipofika, kundi lilikuwa limeshavuka, na amebaki mtawa wa mwisho tu, kijana aliyekwama kwenye tope katikati ya kitalu, anavuta mguu mmoja huku mwingine unazama.

"Unafanya nini humo?" Jotika akamuuliza.

"Ninavuka, mama. Njiani kuna viumbe."

"Na unaposimama pana nini?"

Kijana akatazama chini, akaona majani yamelala. Akakumbuka alivyofundishwa kuwaliwaza watu. "Usihuzunike, mama," akasema. "Kila kitu hupita."

"Njaa nayo?"

"Njaa nayo hupita."

"Hupita na nani?"

Kijana aliuchomoa mguu, miche mitatu ikiwa imenasa katikati ya vidole, akawafuata wenzake akichechemea.

Jotika alisimama pale akahesabu kwa macho. Njia pana kama mkeka ilikuwa imekata kitalu pembe kwa pembe, na waliokuwa wakiteleza walikuwa wameipanua kila upande. Theluthi mbili zilikuwa zimelala. Baadhi ya ile iliyolala ingeweza kuinuliwa kwa mkono kabla jua halijazama, ikilala usiku kucha ndani ya maji ingeoza. Theluthi moja ilikuwa bado imesimama. Kwa hiyo, akiwahi, wangekula hadi mavuno mengine, kwa kubana. Lakini mchunga nyati mmoja alikuwa amemwambia jana kwamba kundi jingine la watawa liko nyuma, mwendo wa siku mbili, na nyuma ya hilo kuna jingine. Wangekuja kwa njia hiyo hiyo, na nyungunyungu wangekuwa wamelala pale pale. Kuinua miche ili akanyagiwe kesho kutwa, hapana. Kwanza lilikuwapo jambo la kumaliza.

Akaenda nyumbani kuchukua ungo. Sonari alikuwa mlangoni na kijiko chake cha wali, uso umechangamka.

"Nimesikia miguu," Sonari akasema. "Wamepita?"

"Wamepita."

"Mbona hawajafika hapa? Wali unapoa."

"Wamekwishakula, dada. Wamekula kitaluni."

Sonari akaelewa. "Hawakukusudia. Wale ni watu wema, mdogo wangu."

"Wema wenyewe una miguu themanini. Sogea, nichukue ungo."

"Usiende kuwatukana. Utajiharibia."

"Kilichobaki cha kuharibika ni kipi? Niambie wewe unayeona mbali."

Hilo la mwisho lilikuwa kali, na Jotika alijua ni kali, lakini hakurudi nyuma kulifuta. Alishuka kitaluni, akatafuta unyayo uliozama vizuri kuliko wote, mkubwa, wa mtu aliyetangulia, akapitisha mikono chini yake akaung'oa mzima pamoja na tope lake kama mtu anayeng'oa mkate kwenye kikaango. Akauweka ndani ya ungo, akajitwika.

Watawa walikuwa wamejikinga mvua katika banda la wasafiri mwisho wa kijiji, banda refu lenye mlango wa mbao. Walikuwa wameketi kwa safu, bakuli mbele yao, wakingoja chakula bila kuomba, kama desturi. Mkubwa wao alikuwa mzee Badraka, mtu mpole aliyesifiwa bonde zima kwa kuwa aliwahi kusimama siku nzima asimwamshe panzi aliyelala begani mwake. Watu walipenda sana kusimulia habari za yule panzi.

Jotika akaingia bila kuvua tope. Akaenda moja kwa moja kwa Badraka, akatua ungo, akalitia bonge lile la udongo katika bakuli la mzee. Lilijaa likafurika.

"Sadaka yangu ya leo," akasema. "Itazame, maana sheria yenu inakwambia uitazame. Kisha uniambie imetoka wapi."

Wenzake wakaguna. Mmoja akanyoosha mkono aliondoe bakuli, Badraka akamzuia. Sheria ni sheria: kilichotiwa kimepokelewa. Mzee akainamisha kichwa akatazama.

Mwanzo aliona tope. Halafu akaona umbo la mguu, kisigino na vidole vitano. Halafu, kwa kuwa hakuruhusiwa kutazama kwingine, akaona yaliyokuwa ndani ya umbo hilo. Miche ya mpunga imekunjika shingo. Chini ya kisigino, viluwiluwi vya chura vimepondwa, vingi, hakuna aliyeweza kuvihesabu. Konokono wadogo wa tope wamevunjika magamba. Kaa mmoja mdogo kama ukucha, mguu wake mmoja bado unatikisika.

Badraka akaunyoosha mguu wake wa kulia, akaulinganisha na bakuli. Vidole vilikuwa vyake.

"Ni mimi," akasema. "Niliwaona nyungunyungu."

"Uliwaona walio juu," Jotika akasema. "Walio chini hukuwaona, na mimi hukuniona, na dada yangu ambaye kila asubuhi anawachotea wali asiouona naye hukumwona. Mnasifiwa hamkanyagi sisimizi. Mngekanyaga sisimizi mkaniachia mpunga."

"Hatukukusudia, mama."

"Kaa huyo anajua hukukusudia? Muulize, bado anatikisika."

Badraka hakujitetea tena. "Kesho tutaondoka kwa njia nyingine," akasema.

"Njia nyingine ina mwanamke mwingine."

"Basi tutembee vipi?"

"Mnahubiri njia ya katikati kila siku, na mvua ikinyesha mnapita pembeni, kwangu. Msitembee. Kaeni."

Hapo mtawa mmoja msomi, mwenye sauti nyembamba, akaona lazima aingilie. Akaeleza kwamba kukaa huzaa kushikamana, na kushikamana huzaa mateso, na kwamba hilo limefundishwa wazi. Alieleza vizuri, kwa mpangilio. Jotika alimwacha amalize, mikono kiunoni, maji yakimdondoka.

"Umemaliza? Basi jifunzeni kukaa bila kushikamana. Si ndiyo kazi yenu hiyo? Kutembea ili usishikamane, nani hawezi? Mbwa koko naye hana kwake, na hajawa mtakatifu. Ningewaambia mje mniinulie miche, lakini najua mtasema sheria inawakataza kugusa udongo msije mkaua. Sawa. Mmeua kwa miguu, kwa mikono hamuwezi kusaidia. Basi saidieni kwa makalio. Kaeni hapa mpaka mvua zikatike, mpunga ushike, viluwiluwi viwe vyura viruke vyenyewe. Chakula mtaletewa. Hatujawahi kuwanyima, hata mwaka tuliokula magimbi."

Badraka alikuwa bado ameshika bakuli kwa mikono miwili, na yule kaa alikuwa ameacha kutikisika. Mzee akasema, kwa sauti ambayo hata waliokaa mwisho waliisikia, "Miezi mitatu. Tutakaa hapa." Akawageukia wenzake. "Na waambieni wachunga nyati wapeleke neno kwa walio nyuma: popote neno litakapowakuta, hapo hapo waketi."

Neno lilipelekwa. Liliwakuta wa kundi la pili wakiwa wanafunga shuka ili waondoke, wakazifungua. Liliwakuta wa tatu chini ya mwamba, wakabaki chini ya mwamba. Likaenda kutoka bonde hadi bonde, nchi hadi nchi, likafika lilikotakiwa kufika, na hakuna aliyelipinga.

Na tangu siku hiyo watawa wa Budha hawasafiri masika. Mvua zikishika huchagua mahali pamoja wakakaa miezi mitatu, wakijifunza na kutafakari, na watu huwapelekea chakula na nguo, na wakulima hupandikiza mpunga wao bila kutazama nyuma. Hata umri wa mtawa hauhesabiwi kwa nchi alizopita. Ukitaka kujua ni mkubwa kiasi gani katika utawa wake, atakuambia amekaa masika mangapi. Wenyewe wanaona ni heshima kubwa. Kuna wanaosema iliamuliwa na wazee wenye hekima, wakiwa wamekaa kikao. Waache waseme.

Lakini mchana ule bandani, Jotika hakujua habari za nchi wala za miaka. Alijua miche imelala ndani ya maji na jua limeshaanza kushuka. Badraka alitua bakuli chini, akainua mkono ambariki.

"Baraka zako ziweke hapo hapo," Jotika akamwambia. "Nitazikuta. Si mnakaa?"

Akachukua ungo wake, akatoka, akaufunga mlango.