Maji ya Rukiyo

Siku ya karamu kila mtu ni rafiki, hata nzi. Rafiki wa kweli hujulikana siku mambo yanapokwenda mrama. Saado, mwuza maziwa wa mtaa wa Waberi mjini Garissa, alifunzwa hayo shuleni, lakini aliyaelewa mwaka wa 1996, katikati ya njia, akiwa ameshika mguu wa mbwa.

Mwaka huo ukame ulikaza kama kamba mbichi iliyoanikwa juani. Kule kijijini Sangailu, fisi walikuwa wamekula mbuzi kumi na mmoja wa kaka yake, Mahat. Mahat akatuma ujumbe: asipopata mbwa, wanawe watakosa hata maziwa ya chai. Saado akapanda lori pamoja na mbwa wake, Shabel. Miezi mingi Shabel alikuwa amefungwa uani, na kwa kuwa hakutembea, kucha zake zilirefuka na kujipinda kama ndoana.

Kabla ya adhuhuri kucha hizo zilipasua gunia la sukari. Dekow, dereva, alisimamisha lori mahali pasipo na nyumba wala kisima.

“Mama, kata hizo kucha, au mbwa abaki hapa,” alisema, akimpa koleo.

Saado alikata kwa pupa. Kucha zilikuwa nyeusi tititi, nyama ya ndani haikuonekana. Ukucha wa nne ulipokatika, Shabel alibweka kwa uchungu na damu ikachuruzika mchangani.

“Damu ya mbwa haipandi gari langu,” Dekow alisema. “Watu hapa wanaswali. Lori lingine ni Alhamisi, inshallah.”

Saado alimgeukia Nafiso, abiria mwenzake lorini na rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye kila asubuhi alikula naye anjera sahani moja. “Abaayo, dada yangu, nishikie huu mguu kidogo.”

Nafiso alikusanya nguo zake kama anayevuka tope. “Abaayo, mimi nina udhu. Na maji yangu ni ya kunywa. Mwache, mbwa ni mbwa.”

Aliyeshuka kutoka lorini ni Rukiyo, mwuza maziwa mwingine. Huyu na Saado waligombania kivuli cha kuuzia maziwa sokoni, na kwa miaka miwili hawakusemezana ila kuitikia salamu, kwa kuwa kutoitikia ni dhambi.

“Unakata kucha kama mtu anayepasua kuni,” Rukiyo alisema. “Mfunge mdomo kwanza. Mbwa mwenye maumivu hamjui hata anayemlisha.”

Saado alirarua pindo la mtandio wake, akamfunga. Rukiyo alichota unga wa ngano katika mfuko wake wa vyakula, akaushindilia kwenye ncha ya ukucha na kuukandamiza kwa kidole gumba. Saado akataka kutazama.

“Usifunue. Ukichungulia, damu inaanza upya. Nimefunga kwato za mbuzi wengi kuliko maneno yako sokoni.”

Dekow alitazama jua, lakini hakuwasha injini. Rukiyo alipoondoa kidole, damu ilikuwa imekatika. Walifunga kitambaa, kisha kucha zilizobaki wakazikata ncha tu, kidogo kidogo.

Ndipo Rukiyo akashusha kidumu chake cha maji, maji aliyoyategemea hadi mwisho wa safari. Anayeguswa na damu ya mbwa hujitakasa mara saba, mara moja kwa udongo. Alijipaka mchanga, akamimina. “Kow,” alihesabu kwa Kisomali. “Laba.” Hadi “todoba,” mara ya saba, mchanga ulikuwa umekunywa nusu ya kidumu.

“Lete mikono,” alimwambia Saado.

Akamhesabia naye, mara saba. Kidumu kikabaki kinalia kama debe tupu. Saado alimtazama mwanamke huyu, midomo imepasuka kwa kiu.

“Mungu akulipe, Rukiyo.”

“Usidhani tumepatana. Kile kivuli ni changu.”

“Ni chako,” Saado alijibu. “Nitakuletea chai ukiwa umekaa hapo.”

Rukiyo aligeuza uso upesi, lakini Saado aliliona tabasamu lake.

Dekow alipoona damu imekoma alimruhusu mbwa apande tena, na jioni hiyo Mahat alimpokea Shabel kule Sangailu, mbwa akichechemea lakini akinusa upepo upande wa fisi. Mwezi ule hakupotea hata mbuzi mmoja. Na kila Saado alipopeleka chai kwenye kile kivuli, alijiambia kwamba waliosema hawakukosea: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.