Kinga Iliyoshushwa

Kaeni niwatege kitendawili. Lakini leo sipokei mji, nataka hukumu.

Pangani palikuwa na watu watatu. Daktari Semboja alijaliwa uthubutu. Kibwana alijaliwa neno "hapana". Dada yake, Mwanjaa, alijaliwa mdomo, na Mungu hakumpunja.

Mke wa Kibwana, Mwanakombo, alikuwa fundi wa kusuka mikeka. Macho yakamwiva, yakauma, nuru ikafifia. Dawa za matone hazikufua dafu. Mwishowe hakuweza kutofautisha ukindu mwekundu na wa kijani.

Daktari akapima, akarudia kupima. "Mama, adui hakutoka nje. Kinga ya mwili wako ndiyo inayoyashambulia macho. Tutaishusha kwa vidonge, na damu yako nitaipima kila mwezi." Wenzake walisita, yeye akaandika dawa.

"Lakini sasa hata kikohozi cha jirani kinaweza kumlaza," akaonya. Basi Kibwana akasimama mlangoni. Mwenye mafua, hapana. Mwenye homa, hapana. Hata mama yake mzazi alipokuja akikohoa, aliwekewa kiti uani, akanuna wiki mbili. Jambo hilo lilimuuma sana Kibwana, lakini hakulegea.

Macho yakatulia, kisha yakaiva tena. Kumbe mtaani walinong'ona: "Kinga imeshuka? Ugonjwa huo tunaujua!" Kwa aibu, Mwanakombo alikuwa ameacha vidonge, akavificha kwenye ndoo ya mchele. Mwanjaa akavikuta. Akaenda kwenye harusi moja ya mtaani, akasimama katikati ya wanawake.

"Kinga ya wifi yangu haikushuka, imeshushwa! Ilikuwa inamla macho. Na hata angekuwa na huo mnaousema, angestahili pole, si umbea!"

Maneno hayo yakamfikia Mwanakombo, na siku ileile akarudi kwa daktari, akaanza dawa upya.

Mwaka ulipotimia, alimaliza mkeka wa rangi saba, hata rangi moja hakuikosea. Vigelegele mtaa mzima! Mimi nililia kwa furaha, sifichi.

"Huu ni wa aliyenirudishia macho," akasema.

Daktari akatabasamu. "Bila dawa, asingeiona hata rangi moja."

"Bila mlango wangu," akasema Kibwana, "dawa hiyo ingemzika."

Mwanjaa akacheka. "Dawa iliyolala kwenye mchele humponya nani?"

Mwanakombo akawatazama usoni mmoja mmoja, akiwaona vizuri wote. Mkeka ni mmoja, na haukatwi.

Je, wewe ungeamua vipi?