Kuni za Tanuri

Ndugu zangu, kabla hatujafungua ramani ya shule iliyoko hapo mezani, nipeni masikio. Nina habari ya baba mmoja. Msihangaike kumtafuta, nimemtunga mwenyewe. Lakini mkimwona amekaa benchi moja nanyi, msishangae.

Baba huyu aliitwa Baba Mbonea, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Upande wao wa mto hapakuwa na shule, kwa hiyo Mbonea alisoma ng'ambo, na asubuhi moja ya kiangazi mamba akamchukua pale kivukoni. Hakupatikana hata wa kuzika. Ninyi mnaoitwa Baba fulani na Mama fulani, hebu fikirini: kila anayekusalimia anakutonesha kidonda.

Basi akaapa. Kitindamimba wake, binti aliyekuwa bado mgongoni kwa mama yake, hatakanyaga mto ule. Akazunguka nyumba kwa nyumba, akawachosha wakubwa wa wilaya kwa maombi, mpaka kijiji kikakubali kujenga shule yake na yeye akawekwa mwenyekiti wa kamati. Nani angemlaumu? Mimi simlaumu.

Ramani ikaletwa. Aliyeichora, dada mmoja msanifu wa majengo, aliwaeleza taratibu. Matofali yawe ya udongo na saruji kidogo, yashindiliwe kwa mashine na kukaushwa kivulini, yasionje moto kabisa. Mabati yawekewe mifereji, maji ya mvua yaingie kwenye tangi. Wanakamati wakatazamana. Kwao nyumba ya tofali bichi ni ya mtu aliyeshindwa na maisha. Heshima ni tofali la kuchoma, na desturi yao kila ukoo hupeleka magogo kwenye tanuri kwa ngoma, na ukoo wenye magogo manene ndio unaosifiwa mwaka mzima. Tangi nalo wakalicheka. Tangi la nini, na chemchemi iko hapo juu mlimani, haijakauka tangu enzi za babu zao?

"Mwanangu hakuliwa na mamba ili nijenge kibanda cha udongo," akasema Baba Mbonea.

Dada yule akakunja ramani yake. "Nimekuelewa, mzee. Na kuni za tanuri zitatoka wapi?"

Mzee akamwonyesha kwa kidole mikuyu iliyoizunguka chemchemi. "Kwani Mungu aliiotesha ya nini?"

Naona mnatikisa vichwa. Si ndivyo tunavyosema hata sisi?

Wakakata. Tanuri likawaka, moshi ukatanda kijiji kizima, watu wakaimba, tena nyimbo za kanisani. Shule ikasimama, nyekundu, imara. Jioni Baba Mbonea alikuwa akipita kuzipapasa kuta zake, na machozi yanamlengalenga. Binti akaanza darasa la kwanza, anatoka mlangoni kwao anaingia darasani. Baba wa watu akaanza kulala usingizi.

Kisha chemchemi ikaanza kupungua. Kiangazi cha kwanza ikawa tope, kilichofuata ikawa vumbi. Na shule inataka maji jamani: vyoo vinataka, sakafu inataka, uji wa watoto unataka. Kamati ikakaa, mwenyekiti akatoa agizo ambalo wengi wetu tumelisikia: kila mwanafunzi aje na dumu lake la maji, na atakayekuja mikono mitupu ataadhibiwa. Hakusema waende mtoni. Maji yalikuwa yamebaki wapi kwingine?

Binti yake hakumruhusu. Alimchotea mwenyewe, kila alfajiri. Ila kuna siku aliamka na homa, hajiwezi. Mtoto akaona muda wa shule umefika na dumu ni tupu, akaogopa viboko, akalibeba akawafuata wenzake.

Waliokuja kumpa baba habari walikuja na dumu. Dumu tu.

Alijikongoja na homa yake kumtafuta mkewe, akamkuta amekaa chini kando ya shule, ameegemea ukuta. Hakuwa analia. Alimtazama mumewe, akapitisha kiganja juu ya tofali.

"Baba Mbonea," akasema, "ukuta wako hauna hata ufa."

Ndugu zangu, huyu baba hakuwa mwizi wala mchoyo. Alimpenda mtoto, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Alijenga shule ili mtoto asiende mtoni, na shule ile ile ndiyo iliyomtuma mtoto mtoni. Ukipenda bila kuuliza, unaweza kuchoma kwa mkono wako mwenyewe kile kilichokuwa kikimlinda umpendaye.

Na sisi je? Kile kipara cha mlima kinachoonekana dirishani hapo, nani alikinyoa? Kuta za kanisa hili tunamosujudu zilichomwa kwa miti ipi? Tunasema tunawajengea watoto, kumbe tunawajengea kwa kuwanyang'anya. Na msidhani sijasikia. Nimesikia kwamba miti ya bondeni imekwisha kugawanywa, ukoo huu huku, ukoo ule kule, na mashoka yamenolewa tangu juzi.

Haya, ramani iko mezani, njooni tuitazame. Nitawaomba watoto wasimame hapa mbele. Anayetaka tofali la kuchoma aje asimame mbele yao, awaonyeshe kwa kidole kuni zitatoka wapi.