Siku Kulwa na Doto Walipopanda Kenta Moja

“Kulwa akipanda, Doto angoje.” Mmemsikia mama yenu akisema hivyo asubuhi, mkacheka, sasa mnaniuliza hao Kulwa na Doto ni watoto wa nani. Si watoto wa mtu. Kaeni, msinikimbize. Msemo huu ulianza hivi.

Katika hospitali moja upande wa Nzega alikuwepo fundi aitwaye Milembe. Alitunza seva, zile mashine zinazohifadhi habari za wagonjwa. Zilikuwa mbili, na kila kilichoandikwa kwa moja kiliandikwa na kwa mwenzake. Ndiyo maana akaziita Kulwa na Doto, majina tunayowapa pacha. Ndani yao walikaa wapangaji wasio na mwili: programu ya maabara, ya duka la dawa, ya kliniki ya wajawazito. Kulwa akiugua, wapangaji walihamia kwa Doto, wala daktari hajui.

Likajengwa jengo jipya kilomita tisa kutoka pale, ikaamriwa seva zihamie huko. Milembe akatangulia kuweka huko seva ya tatu, mdogo wao, Shija, mpya na mtupu. Shija akawa ananyonya habari kwa wakubwa zake kwa waya, kidogo kidogo. Mpango ulikuwa Shija ashibe kwanza, ndipo Kulwa apande gari. Kulwa akishafika na kuwaka salama, Doto afuate.

Lakini waya ulikuwa mwembamba, na Shija hashibi. Siku ya kumi na moja miguu ya Milembe ilikuwa imevimba, viatu havimwingii. Alikula amesimama, alilala kwenye kiti. Saa nne asubuhi mkubwa wake, Ngasa, akaingia na dereva wa Kenta, lile lori dogo, mzee Jilala.

“Milembe, bado tu?”

“Imebaki robo, mkuu. Siku mbili.”

“Siku mbili! Chumba hiki tumekipanga, na mwenyewe anakitaka leo. Pakia zote.”

“Kulwa aende, mkuu. Doto abaki.”

“Wewe nawe! Utadhani umezizaa.”

Jilala akacheka. “Binti, kilomita tisa tu. Njia hii naijua kuliko kitanda changu.”

Milembe akafungua mdomo abishe. Maneno yalikuwepo, nguvu ya kuyasema haikuwepo. Alitaka kulala tu.

“Haya,” akasema. “Pakieni.”

Kwenye kalavati ng'ombe akakatiza. Jilala akamkwepa, Kenta ikalala ubavu mtaroni. Watu walitoka wazima, Mungu mkubwa. Kulwa na Doto waliokotwa majini, vipande vipande.

Shija akabaki na kile alichonyonya. Robo iliyokosekana ilikuwa ya kliniki: wajawazito mia tatu na ushei, damu zao, presha zao, tarehe zao za kujifungua. Na kadi za karatasi zilikwisha kuachwa tangu mwaka juzi.

Kulala kwenyewe Milembe hakukupata. Alitoka na muuguzi kijiji kwa kijiji, juani, wakiuliza mlango kwa mlango nani ana mimba, wampime damu upya. Siku ya nne wakafika kwa mama mmoja, Kabula, mwenye mimba ya miezi saba na pacha wawili wanaotambaa miguuni pake. Akanyoosha mkono huku amenuna.

“Si mlinichoma sindano mwezi uliopita?”

“Tulikuchoma, mama. Mashine zilikuwa mbili, kila moja imeshika habari za mwenzake. Nikazipakia gari moja, zikafa pamoja.”

“Ulikuwa hujui?”

“Nilijua. Nilichoka.”

Kabula akawatazama pacha wake, kisha akamtazama fundi na miguu yake. Hakumcheka.

“Mimi nikienda kwetu kuna mto,” akasema. “Nambeba mmoja mgongoni, mwenzake namwacha ukingoni na mtu. Navuka, narudi. Mgongo ukiniuma ndiyo kabisa siwabebi wote, maana siku hiyo ndiyo nitateleza. Kulwa akipanda, Doto angoje.”

Milembe aliandika jina la Kabula, akaomba maji, akanywa, akainuka kwenda nyumba ya pili.

Muuguzi ndiye aliyeyarudisha maneno yale hospitalini, na kutoka hospitalini yakatufikia sisi. Basi nanyi, siku mkichoka mkaona heri mambo yaishe kwa safari moja, hapo ndipo myakumbuke: Kulwa akipanda, Doto angoje.