Sumu Isiyokuwemo Chunguni

Isome bila haraka, kisha mtumie yeyote unayemjali.

Mtemi Lugendo aliziita mboga na matunda chakula cha watwana. Yeye alitaka nyama iliyokaushwa, ugali mweupe na asali, basi.

Siku moja alimwita mpishi wake, mama mmoja aitwaye Nyamizi, akamwonyesha jino lililong'oka lenyewe. Fizi zilimvuja damu, na kusimama hakuweza mpaka ashikiliwe.

"Umenitilia nini?"

Nyamizi aliapa kwamba hakutia kitu. Mtemi akaamuru azuiliwe jikoni, apike mbele ya askari, na asile chochote ila chakula anachompikia Mtemi. Akiugua, itajulikana kuna sumu, na atauawa. Nyamizi alikubali bila wasiwasi, maana alijua chungu chake ni safi.

Mwezi wa tatu tangu azuiliwe, fizi zake zikaanza kuvuja damu.

Aliogopa, lakini mshangao ulimzidi woga. Sumu ingepitia wapi? Askari walionja chungu kilekile kila siku na walikuwa wazima. Yeye mwenyewe alikionja miaka kumi, hakuwahi kuumwa hata kichwa. Kilichobadilika ni nini? Akawaza siku mbili nzima, ndipo akakumbuka: zamani, akishamwandalia Mtemi, alikwenda kula na wanawake waliosaga unga wa ugali. Huko kulikuwa na mchicha, nyanya na mapera. Askari nao walikula hivyo hivyo majumbani kwao.

Walipomfikisha barazani, Mtemi alisema, "Umeugua. Kwa hiyo sumu ipo."

"Mtemi, humo chunguni hakuna kilichozidi," akajibu Nyamizi. "Kuna kilichopungua."

Akaomba siku kumi na kikapu cha mapera na mboga. Mtemi alimpa vyote, ila yeye mwenyewe hakukigusa kikapu.

Siku ya kumi Nyamizi aliingia kwa miguu yake, fizi zimeacha kuvuja damu. Mbele ya wazee wote, Mtemi akanyoosha mkono akachukua pera.

"Humu mna nini?" akauliza.

"Sijui, Mtemi. Ni kidogo mno, hakionekani. Ninachojua ni kwamba mwili unakidai."

Funzo: Kile ambacho Nyamizi hakukijua jina, leo tunakiita vitamini. Mwili unazihitaji kidogo tu, lakini nyingi kati yake hauwezi kujitengenezea. Huzipata kwenye chakula cha aina mbalimbali. Shibe pekee si afya, na unachokidharau sahanini huenda ndicho kinachokusimamisha.